Kikombe cha Tatu

Krrr. Zipu ya begi ililia gizani, kabla hata majirani hawajafungua mabomba ya maji. Fundi alikuwa amelifunga na kulifungua mara tatu, akihakikisha hajasahau shali mpya ya kumpelekea mama yake. Leo alikuwa anampeleka mchumba wake mlimani, akaonekane nyumbani.

Walikutana mwaka uliopita sokoni, kwenye kibanda chake cha kushona mabegi. Watu walikuwa wanasukumana, lakini yule msichana wa gauni la njano walimpisha wote, maana begani alikuwa na suti nyeusi ya mpira inayochuruzika maji.

"Zipu imegoma," alisema.

"Hii nguo ya nani, ya samaki?"

"Ya mwalimu wa kuzamia, yaani mimi. Ukiishona vibaya nikafa kwa baridi, nitarudi kukudai."

Aliishona vizuri. Tangu siku hiyo akamwita Samaki.

Sasa simu ikaita.

"Fundi wangu, umeamka?"

"Zamani. Umeshavaa lile gauni?"

Badala ya jibu akasikia krrr nyingine, nzito, ya meno makubwa. Sauti ya zipu aliyoishona kwa mkono wake asingeweza kuikosea.

"Mbona unavaa suti?"

"Wavu umenasa kwenye matumbawe, na kasa yumo ndani. Wakiuvuta kwa boti watavunja matumbawe yote. Tunashuka wawili tuukate polepole."

"Haya. Basi tutaondoka saa nne."

"Hapana, mpenzi. Nikizama leo, mlima ni kesho. Mtu akitoka chini, halafu apande juu haraka..."

"Mlimani hakuna bahari."

"Nisikilize basi."

Hakusikiliza. Mchumba wake wa kwanza aliahirisha safari hiyohiyo mara mbili, kisha akaolewa kwingine. Fundi akakata simu, akabeba begi, akaenda peke yake.

Mama yake alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani na kupanga vikombe vitatu. Alimwona mwanawe yuko peke yake. Akamwacha avue viatu, anywe maji, ndipo akauliza, "Haya, mmegombania nini?"

"Eti amezama asubuhi kumwokoa kasa, kwa hiyo hawezi kupanda mlima."

"Mpigie, unipe simu."

Ikapokelewa mara moja.

"Mkwe wangu, kasa alitoka?"

"Alitoka, mama. Amechubuka kidogo tu."

"Na wewe, mzima?"

Tangu alfajiri hakuna aliyemuuliza hilo.

"Mzima, mama. Ila kule chini hewa tunayovuta huingia kwenye damu. Nikipanda mlima kabla haijatoka, inafanya povu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mtu anaweza kupooza. Ndiyo maana nakaa huku chini siku nzima."

"Kaa, mwanangu. Mlima hauhami."

Akamrudishia mwanawe simu. "Ulitaka kuniletea mkwe aliyepooza?"

Fundi akatoka nayo nje, uso chini.

"Samaki."

"Abee."

"Nimekosa. Nilidhani unanikwepa."

"Ningekukwepa, zipu zangu angeshona nani?"

Fundi alicheka, na macho yakamlowa. "Kesho je?"

"Kesho nipokee stendi. Na usininunie mbele za watu."

Akashuka stendi kesho yake mchana, ndani ya gauni la njano, nywele bado zina harufu ya chumvi. Mezani alikuta vikombe vitatu palepale vilipokuwa jana. Mama alitaka kujua kila kitu cha huko chini.

"Na hayo matumbawe mnayashika?"

"Hatugusi, mama. Kipande kama kidole kinaweza kuchukua miaka kukua."

"Kumbe mna adabu kuliko wageni wangu." Akamgeukia mwanawe. "Na harusi lini?"

"Siku yoyote," Fundi alisema, "bora awe hajazama siku hiyo."

Jioni mama aliwasindikiza hadi barabarani, shali mpya mabegani, mkono wa msichana ndani ya wake.

"Uje tena, mwanangu. Huyu akinuna, njoo peke yako. Kikombe chako sikiondoi mezani."