Mkate Ulioumwa Mara Moja

Soko la Chorsu lilikuwa limefurika asubuhi ile. Elyor alijikwaa kwenye kigari cha mtoto kilichojaa mikate ya moto, nusura akipindue.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?" Muattar, muuza mikate, alimfokea. Gauni lake la hariri ya rangi rangi lilikuwa na unga hadi kiwikoni.

"Nisamehe, dada. Leo nasafiri, akili imeshatangulia Seoul. Kazi ya kiwandani, miaka miwili. Kilomita karibu elfu tano, masaa saba angani!"

Alinunua mkate, akauma mara moja, kisha akasita. Kwa desturi yao, msafiri huuma mkate, mama yake akautundika ukutani umsubiri arudi aumalizie. Mama yake Elyor alikuwa amefariki.

"Lete," Muattar alisema kabla hajafikiri. "Nitakutunzia." Akautundika juu ya tanuri, wakapeana namba za simu.

Kila siku, saa tatu usiku, Muattar akishanawa unga, Elyor alimpigia simu.

"Umekula, asali wangu?"

"Nimekula. Mkate wako unakusalimu. Umekuwa mgumu kama kichwa chako."

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha ukaja ujumbe: *Kesho naondoka saa kumi na moja jioni, natua saa mbili na nusu usiku.*

Shangazi Risolat, mwenye tanuri, akahesabu kwa vidole. "Masaa matatu na nusu! Si alisema saba? Hayo ni masaa ya kutoka Moscow, mwanangu, alikooa mume wangu. Huyo naye ana mke huko."

Muattar akazima simu. Uwanja wa ndege hakwenda.

Asubuhi Elyor alitokea sokoni na sanduku lake, shati limekunjamana.

"Rudi Moscow kwa mkeo!"

"Mke gani tena?"

"Masaa matatu na nusu, Elyor! Tumehesabu!"

Elyor akamnyooshea mkono. Saa yake ilionyesha saa sita mchana. Ya sokoni, saa mbili asubuhi. "Huko wametutangulia masaa manne, roho yangu. Nimekaa angani saba na nusu."

Muattar akahesabu upya kwa vidole. "Kwa hiyo ulipokuwa unanipigia saa tatu..."

"Kwangu ilikuwa saa saba usiku."

"Na kazini uliingia saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Kila siku! Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Na wewe ulikuwa huru saa ile tu."

Machozi yakachora mistari kwenye unga mashavuni mwake. "Ahsante," alisema.

Shangazi akautungua mkate, hamtazami mtu. "Haya, malizia."

"Sina mama wa kuniposea, shangazi. Uvunje wewe."

Wauza mikate wote wakageuka. Wazee wakishavunja mkate, binti ameposwa.

"Nimekusingizia, mwanangu," Shangazi alimwambia Elyor.

"Ulikuwa unamlinda. Nashukuru."

Shangazi akaupiga mkate ukingoni mwa tanuri. Mara ya tatu ukapasuka, wanawake wakapiga vigelegele. Muattar akachovya kipande kwenye chai, akampa Elyor.

"Polepole, utavunja jino."

"Sina haraka," alisema Elyor, akirudisha saa yake nyuma masaa manne.