Mama Pacha na Maswali ya Mwisho

Mama Pacha alikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati. Alijua kufunga kidonda, kupima homa na kumtuliza mtoto anayeogopa sindano. Alitaka kuwa muuguzi kamili. Kilichobaki ni mtihani mmoja tu: maswali mia mbili, kwa muda wa saa nne.

Mara ya kwanza alishindwa. Mumewe, fundi seremala, alishangaa, maana alikuwa akimuuliza maswali nyumbani naye anayajibu vizuri. Mama Pacha aliificha barua ya matokeo chini ya nguo kabatini, akaenda kufua. Mama mkwe alimwona akifua shati lile lile mara mbili. Akamwondolea beseni taratibu.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Shati limeshatakata."

Hapo machozi yakamtoka. Alieleza kwamba maswali ya mwanzo aliyajibu bila shida. Saa ya tatu ilipoanza, macho yalisoma lakini kichwa hakikushika. Swali moja alilisoma mara nne. Yale ya mwisho aliyajibu kwa kubahatisha tu. Akasema labda yeye ni mzito wa kichwa.

Jirani yao alikuwa mwalimu mstaafu aliyesimamia mitihani kwa miaka mingi. Watu walimwita Bi Saa, kwa sababu hata harusini aliwatangazia watu muda uliobaki. Mama mkwe alimwendea. Bi Saa alikuja, akauliza jambo moja: Mama Pacha anaposoma, hukaa muda gani bila kuinuka?

Mama Pacha alifikiri. Pacha wake humwita. Chungu huchemka. Simu hulia. Labda dakika ishirini, alijibu.

"Basi wewe si mzito," alisema Bi Saa. "Kichwa chako kimezoea dakika ishirini, nawe ukakidai saa nne. Nimeona wengi wakilaza vichwa mezani saa ya tatu. Majibu waliyajua. Pumzi ya kuyafikia ndiyo hawakuwa nayo. Pumzi hiyo hujengwa, haba na haba."

Akamwelekeza. Wiki ya kwanza akae dakika arobaini, simu iwe chumba kingine. Kila wiki aongeze kama nusu saa. Asisome tu, ajibu maswali, tena asubuhi, wakati ule ule wa mtihani. Swali gumu aliwekee alama, aendelee, kisha alirudie. Kila baada ya maswali hamsini aweke kalamu chini, afumbe macho, avute pumzi polepole mara tano. Na usiku alale. Kukesha na vitabu kungemchosha bure.

Mume alitaka kumtengenezea kiti chenye mto. Bi Saa akakataa, akasema ukumbi wa mtihani hauna mto. Basi siku za mapumziko mume aliwapeleka pacha karakanani, na mama mkwe akalinda mlango. Mgeni mmoja aliambiwa Mama Pacha yuko safarini, kumbe alikuwa nyuma ya pazia na kalamu yake.

Wiki ya nne Mama Pacha alisinzia juu ya karatasi. Alikunja vitabu, akamwambia mumewe kwamba ameacha. Siku hiyo alikuwa ametoka zamu ndefu. Bi Saa hakumlaumu. Alimshauri apumzike siku mbili, arudi kwenye muda wa wiki iliyotangulia, kisha aongeze tena. Akafanya hivyo. Kabla ya mtihani alikuwa amemaliza saa nne kamili mara mbili.

Siku yenyewe alikunywa uji, akafika mapema. Saa ya tatu uchovu ulikuja, kama alivyojua utakuja. Mistari ikaanza kucheza. Aliweka kalamu chini, akafumba macho, akavuta pumzi mara tano. Alipofumbua, swali lilikuwa limetulia mahali pake. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, akayarudia yale aliyoyawekea alama.

Barua ilipokuja hakuificha. Mumewe aliisoma kwa sauti, akaisoma tena kwa ajili ya mama yake. Amefaulu. Bi Saa aliitwa, naye akataka kujua jambo moja tu: yale maswali ya mwisho yalikuwaje?

"Nayakumbuka yote," alisema Mama Pacha. "Niliyasoma kama ya kwanza."