Chasisi Inayopinda Kila Jumamosi

"Imepinda tena, fundi."

Jemutai hakuinua kichwa haraka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la mteja, rodi ya weldingi mkononi, akamalizia mshono wake kwanza. Sauti hiyo aliijua. Alikuwa ameisubiri tangu asubuhi, na kichwani alikuwa amejifunga kile kitambaa kizuri cha kanisani, akijidanganya ati kile kingine hakijakauka.

"Sasa, boss."

"Poa. Ni reli ya kulia."

"Wewe Kosgei, hii gari unaendeshea wapi? Kwa mawe ama kwa vita?"

Weldon Kosgei akacheka kwa chini, kama mtu aliyekatazwa kucheka. Akafungua begi, akatoa kigari chake cha rimoti na kukiweka mezani polepole, vile mama anavyolaza mtoto aliyesinzia. Kilikuwa kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na magurudumu manene yenye meno, na springi nne ndogo zinazong'aa. Hayo yote yalitoka dukani. Lakini uti wa mgongo, yaani chasisi, ulitoka hapa Bahati, mikononi mwa Jemutai. Ile ya plastiki ilivunjikia kwenye mawe ya Menengai, Kosgei akaulizia mtu wa chuma, akaelekezwa kwa msichana wa mageti. Jemutai akachukua flati, chuma bapa kile kile cha grili za madirisha, akakata reli mbili, akazitoboa zikiwa zimebanwa pamoja ili matundu yaelewane, akaziunganisha kwa vipande vya kukingama. Ndivyo walivyojuana.

Sasa aliigeuza kwenye mwanga. Kweli ilikuwa imepinda. Halafu akaona kitu kingine.

Meno. Vimistari vidogo pande zote mbili za reli, vimepangana kama mahali pameumwa. Jiwe hukwaruza, haliumi. Hayo yalikuwa meno ya vaisi, ule mdomo wa chuma unaobana kazi kwenye meza ya fundi. Na vaisi ya Jemutai ilivalishwa mbao mdomoni tangu enzi za marehemu babake, isije ikaumiza kazi ya watu.

Kwa hivyo chuma chake kilikuwa kimeshikwa na fundi mwingine.

"Umempelekea nani hii?"

"Nani?"

"Mimi ndiyo nakuuliza."

"Sijampelekea mtu." Kosgei akaangalia viatu vyake. "Kwa nini?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Kosgei akavuta ule mtungi wa maji uliopinduliwa ambao ulikuwa umeshakuwa kiti chake, akakaa, akasimama tena.

"Fundi, kuna kitu nilitaka kukuambia."

Moyo wa Jemutai ukaruka kama cheche. "Sema."

"Kazini wananihamisha. Kuna shamba jipya la maua kule Timau, wanataka mtu wa pampu. Mashindano ya vigari pale timbo yakiisha Jumamosi ijayo, naenda."

"Timau."

"Huko."

"Ni mbali."

"Si karibu. Basi hii ndiyo mara ya mwisho nakusumbua."

"Hunisumbui," akasema Jemutai, lakini grainda ya jirani ya kukatia chuma ikalia wakati huo huo, ikaimeza sauti yake.

"Umesema?"

"Nimesema nitaimaliza Ijumaa."

Alipoondoka, Emmy wa kibanda cha chai alikuwa tayari mlangoni na birika mkononi. Emmy hakuwa mtu wa kupitwa.

"Amesema nini?"

"Anahamia Timau."

"Na wewe ukasema?"

"Ijumaa."

"Ijumaa nini?"

"Itakuwa tayari Ijumaa."

Emmy akaweka birika chini. "Haki wewe mtoto wa Subukia! Mwanaume anakuambia anaenda, unampa siku ya kazi?"

"Ningesema nini? Mimi ni fundi wake tu."

"Hebu niambie kitu. Kutoka kwake Kamere mpaka hapa, unapita Naivasha, unapita Gilgil, unapita Nakuru yote na vumbi yake. Kote huko hakuna mtu wa weldingi?"

"Ako naye. Hiyo ndiyo shida." Jemutai akamwonyesha yale meno. "Ona. Kuna mtu anaishika huko."

Emmy akainama, akaangalia, akakunja uso. "Mungu wangu. Wengine huona lipstiki kwa kola ya shati, wewe unaona vaisi kwa chuma."

Jemutai akacheka mpaka akajifuta macho, na alipomaliza kucheka macho yalikuwa bado yanahitaji kufutwa.

Wiki hiyo ilikuwa nzito. Kila kitu katika ile karakana kilikuwa na Kosgei ndani yake. Ule mtungi. Ile ndoano aliyoipigilia ukutani bila kuombwa, baada ya kuona waya wa weldingi unalala kwenye maji. Kosgei aliweza kuongea na pampu siku nzima, lakini na mtu maneno yalimkwama kooni. Alijua tu kushika. Jemutai akitaka kipande kishikwe, akigeuka anakuta kimeshashikwa. Siku moja cheche ilimwangukia kwenye mkono wa sweta, Kosgei akaizima kwa kiganja, na kile kiganja kikakaa pale kidogo baada ya moto kuzimika. Kidogo tu. Jemutai alikuwa ameishi na hicho kidogo tangu msimu wa kuvuna.

Alhamisi simu ikalia tini.

*Fundi habari. Imeiva?*

Akaandika: *Usiende.* Akaiangalia. Akafuta. Akaandika: *Bado kidogo.*

*Sawa. Usiharakishe.*

Ijumaa akanyoosha ile reli mpaka ikalala sawa kwenye bamba. Kilichobaki kilikuwa kurudishia kipande cha kukingama cha mbele, kile kinachobeba uzito wote gari likipanda. Akaweka nukta moja ya weldingi ya kushikiza. Akaweka ya pili. Mkono ukasimama.

Ikifunguka, atairudisha, akawaza. Hata kama ni kutoka Timau, atairudisha.

Marehemu babake alikuwa na neno moja kwa kila kijana aliyemfundisha kazi: rangi haishiki chuma. Usipake kitu ambacho hujakimaliza. Jemutai alilijua neno hilo kabla ya kujua kuandika jina lake. Siku hiyo akachukua rangi ya kijani, akapaka juu ya zile nukta mbili, safu moja, halafu nyingine, na hakuangalia ile picha ya babake ukutani.

Kesho yake timbo lilijaa watu. Ni machimbo ya zamani yaliyoachwa, mawe yamekatwa ngazi ngazi, na mwisho kuna ukuta uliosimama kama shavu la nyumba. Sitati, mwenye mashindano, alikuwa na kipaza sauti na mdomo usiohitaji kipaza sauti.

"Anayefuata ni Kosgei wa Kamere! Kijani yake imeng'aa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza!"

Jemutai alikuwa nyuma ya watu pamoja na Emmy, amekunja mikono. Alitaka ifunguke mapema, pale chini, kwenye mawe madogo. Ifunguke kwa heshima, ibebwe, irudishwe kwake. Lakini kigari kikapita mawe madogo. Kikapita ngazi ya kwanza, kikainama, kikajishika. Watu wakaanza kupiga kelele. Kosgei alikuwa ameinamia rimoti, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Jemutai hakuwahi kuiona.

Hapo akajua amefanya kitu kibaya.

"Shika," akanong'ona. "Tafadhali, shika tu."

"Unaongea na nani?" Emmy akauliza.

"Na chuma."

Kigari kilikuwa kimefika kwenye ukuta. Gurudumu la mbele likauma jiwe, likavuta. Kikasimama wima, nusu kimepanda.

Ta!

Sehemu ya mbele ikabaki juu peke yake kitambo kidogo, ya nyuma ikaanguka, kisha zote zikabingirika mpaka chini, betri huku, gurudumu kule.

Sitati akaziokota, akachungulia. "Ai! Hii si weldingi, hii ni mate! Fundi ni nani? Atuambie tusimpelekee geti, mwizi atafungua kwa kupiga chafya!"

Timbo zima likacheka. Jemutai akahisi joto likipanda shingoni.

"Wachana na fundi," Kosgei akasema. "Kosa ni langu."

"Yako aje?"

"Niliipinda mimi. Si mara moja. Huko kazini kuna vaisi, naibana hapo naivuta mpaka inapinda. Inanyooshwa, naipinda tena. Chuma kimechoka."

"Boss, gari yako mwenyewe? Kwa nini?"

Kosgei akageuza rimoti mkononi. Masikio yalikuwa yamewaka.

"Bahati ni mbali," akasema. "Mtu hawezi kuja tu bila sababu."

Emmy akamfinya Jemutai mkono mpaka ukauma. Kumbe vaisi ile ilikuwa ya kazini kwake. Kumbe hakukuwa na fundi mwingine Naivasha nzima.

Angeweza kukaa kimya. Jina lake lilikuwa limeshaokolewa, na mwenye kuliokoa alikuwa ameshasema zaidi ya aliyowahi kusema tangu wajuane. Lakini miguu ikampeleka mbele, akachukua ile reli mikononi mwa Sitati.

"Chuma hakijachoka," akasema, na akashangaa sauti yake imetoka kubwa. "Angalieni. Hapa ni nukta mbili tu, na rangi juu. Niliacha wazi nikijua. Mimi ni Jemutai, nafanya kazi pale Bahati, karibu na posho mill ya unga. Sitati ako sawa."

"Na wewe uliacha kwa nini?" Sitati akauliza, kipaza sauti kimeshuka.

"Ili airudishe."

"Yesu wangu!" Emmy akapasuka. "Mmoja anapinda, mwingine anaacha wazi! Na hii gari imewakosea nini?"

Watu wakaangua kicheko, safari hii cha upole. Kosgei peke yake hakucheka. Akaokota betri, akaokota gurudumu, akatembea mpaka ukingoni mwa timbo. Jemutai akamfuata.

"Kosgei."

"Ilikuwa inapanda, Jemutai." Hakuwahi kumwita jina. "Umeona vile ilikuwa inapanda?"

"Nimeona."

"Ungeniambia tu."

"Na wewe ungeniambia tu."

"Mimi naharibu kitu yangu. Wewe uliharibu kazi yako. Hiyo ni tofauti."

Ilikuwa kweli. Upepo ukaleta vumbi la mawe, wote wawili wakageuza uso upande mmoja.

"Niachie," Jemutai akasema mwishowe. "Nitaimaliza vile inafaa."

"Ukimaliza nitakuwa Timau."

"Niachie tu."

Kosgei akamwachia. Akaenda.

Jemutai akasugua rangi yote mpaka chuma kikabaki uchi. Akachomelea ule mshono taratibu, kamili, mwanzo hadi mwisho, akagonga maganda ya weldingi yakadondoka, akasugua kwa brashi. Akaugonga kwa nyundo, ukalia kama kengele. Hakupaka kitu. Akapiga picha, akatuma.

*Imekwisha. Sijapaka rangi, ujionee mwenyewe.*

Alama mbili za buluu zikatokea, maana yake imesomwa. Jibu halikuja. Kesho yake halikuja. Mvua ikaja, mahindi ya Bahati yakafika magotini, Jumamosi zikawa siku za kawaida. Mamake akipiga simu kutoka Subukia, alikuwa akisema:

"Mbona sauti yako imepungua?"

"Ni vumbi, mama."

"Vumbi na hii mvua yote?"

Kigari kilikaa kwenye rafu chini ya picha ya babake. Kila asubuhi Jemutai alikipangusa, na kila asubuhi alijiambia kesho hatakipangusa.

Haikuwa hata Jumamosi. Ilikuwa siku tu, katikati ya wiki, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Jemutai alikuwa amejifunga kile kitambaa kibaya, chenye matundu ya cheche, amepiga magoti kwenye dirisha la mtu. Kivuli kikasimama mlangoni. Akamalizia mshono wake kwanza. Akainua kinyago cha weldingi.

Kosgei alikuwa amelowa mabega. Hakuwa na begi. Mikono yake ilining'inia pembeni, mitupu, kama hajui pa kuiweka.

"Gari yako iko tayari," Jemutai akasema. "Iko hapo juu."

"Nimeiona."

"Ichukue basi, uangalie mshono."

"Iache hapo."

"Sasa ni nini kimepinda?"

"Hakuna." Akapangusa mvua usoni. "Leo hakuna kitu imeharibika. Nimekuja tu."

Jemutai akavua glavu, moja, halafu nyingine, akazipanga juu ya meza kama vitu vya thamani.

"Kutoka Timau?"

"Kutoka Timau."

"Ujumbe wangu hukujibu."

"Niliandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Nikaona nitakufa nikiandika."

Hata mimi, alitaka kusema, lakini Kosgei alikuwa bado hajamaliza, na mtu kama huyo akianza kuongea humkatizi.

"Mzee wangu anauliza mama yako wa Subukia anapatikana siku gani. Anataka kuja na wazee wengine. Nimemwambia siwezi kumjibu kabla sijakuuliza wewe."

Grainda ya jirani ikaanza kulia. Jemutai akakumbuka ile siku neno lake lilipomezwa. Akaenda mpaka ukutani, akagonga mabati.

"Jirani! Zima hiyo kitu kidogo!"

Ikazimwa. Pakawa kimya, isipokuwa matone juu ya bati. Akamgeukia Kosgei, akamsogelea mpaka akasikia harufu ya mvua kwenye koti lake.

"Jumamosi," akasema. "Mwambie mzee waje Jumamosi."

Upande wa pili wa ukuta wa mabati, birika likaanguka chini.

"Jumamosi gani?" Emmy akauliza kwa sauti. "Hii ama ile ingine? Semeni vizuri, mimi ndiyo nitapika chai!"