Ujumbe Uliosomwa Redioni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Gatesi alimsaidia mama yake kubeba karoti na vitunguu mpaka kwenye foleni ya Petite Barrière, kivuko cha waendao kwa miguu mpakani. Mama yake, Verediane, alinunua mboga kwa wakulima wa Cyanzarwe na kuzivusha kwenda kuziuza Goma. Wakifika kwenye foleni, Verediane alijitwika beseni lake kichwani na kusema, "Bon, kimbia sasa, usichelewe," na Gatesi akashika njia ya kurudi mjini.

Njiani alipita kwenye duka la Mzee Mudathiru, fundi cherehani. Hapo alimkuta Rayhana, binti wa fundi huyo, akimngoja mlangoni na mkoba wake mgongoni na ushungi mweupe uliopigwa pasi vizuri. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, walisoma darasa la sita, na walikuwa wamekalia dawati moja tangu darasa la tatu. Mvua ilipowakuta mchana, Gatesi alikula kwa kina Rayhana. Sikukuu ya Noeli ilipofika, Rayhana alikula kwa kina Gatesi. Watu waliwaita mapacha.

Mambo yalibadilika siku yalipotangazwa matokeo ya shindano la kuchora.

Shindano lilikuwa la shule nyingi, na mshindi alialikwa Ulaya, yeye na mzazi wake, kwenye maonyesho ya picha za watoto. Gatesi alichora Ziwa Kivu wakati jua linachomoza. Rayhana alichora wanawake wamebeba mabeseni kwenye mvua. Kwa kuwa rangi ya bluu ya Rayhana ilikuwa imekwisha, Gatesi alimpa yake.

Mwalimu Hakizimana alisoma matokeo mbele ya darasa. Rayhana alikuwa wa kwanza. Gatesi alikuwa wa pili, akiwa nyuma kwa alama mbili tu.

Darasa zima lilipiga makofi, na Gatesi naye akapiga, lakini mikono yake ilikuwa mizito. "Mvua ile ameichora kwa bluu yangu," alijiambia. "Na hao wanawake wenye mabeseni ni mama yangu na wenzake. Mimi ndiye niliyemsimulia." Kuanzia siku hiyo kila kitu cha Rayhana kilimuudhi. Alimchukia kwa pasipoti yake mpya, kwa gauni la kijani aliloshonewa na baba yake, hata kwa jinsi mwalimu alivyotamka jina lake. Siku ya safari, majirani walimsindikiza Rayhana na baba yake mpaka kituo cha basi la Kigali. Gatesi alisema tumbo linamuuma, akabaki kitandani akiomba ndege iharibike isiruke.

Safari ilikuwa ya siku saba. Siku ya nne, Rayhana na baba yake walikuwa wamerudi.

Habari ilienea upesi. Walipofika kwenye uwanja mkubwa wa ndege katika nchi ya kigeni, ambako walipaswa kubadili ndege, walikaa kungoja kuitwa. Mzee Mudathiru alikuwa anasoma dua ya safari kwa sauti ya chini. Rayhana alikuwa anachora ndege iliyosimama nje ya dirisha. Abiria mmoja aliutazama ushungi wa mtoto, akatazama ndevu za baba, akasikia maneno ya Kiarabu, akaiona picha. Akaenda kwa maofisa wa usalama kusema kwamba watu wale wanamtia hofu.

"Wakatuita mbele ya watu wote," Rayhana aliwasimulia wenzake uwanjani shuleni. "Wakauliza, kwa nini mtoto anachora ndege? Baba akajibu, kwa sababu hajawahi kuiona kwa karibu. Wakatuweka kwenye chumba kwa muda wa saa sita. Wakamvua baba viatu, wakapekua sanduku mara tatu. Hawakupata kitu. Lakini ndege ilikuwa imekwenda, na siku ya kutoa zawadi ikapita, basi tukarudi."

"Hawakuomba radhi?" aliuliza mvulana aitwaye Cyiza.

"Walisema wanafanya kazi yao. Ila watu wengine wote walipita pale, hakuna aliyeulizwa kitu."

Wasichana walimkumbatia. Cyiza alimpa nusu ya ndizi yake. Mwalimu Hakizimana alimshika bega, macho yamemlegea kwa huruma. Gatesi alisimama pembeni akiwatazama. Alidhani angefurahi, maana lile aliloliomba kitandani lilikuwa limetokea. Badala yake aliona wivu mpya. Rayhana amerudi mikono mitupu, na bado ndiye aliyezungukwa na watu!

Jumamosi asubuhi, Gatesi alikuwa anafagia ndani huku redio ya mjini ikiwa wazi. Mtangazaji wa kipindi cha Kiswahili, Muhire, alikuwa anazungumzia safari ile. Alikuwa na sauti tamu, ya mtu anayependa kujisikiliza.

"Mimi simtuhumu mtu, wasikilizaji," alisema. "Nauliza tu. Watu wa usalama wa viwanja vikubwa wana mitambo, wana elimu. Watamshika mtu bure? Na mtoto wa miaka kumi na miwili anachora ndege ya nini? Hawa jirani zetu Waislamu, tunajua wanafundishwa nini kwenye zile madrasa zao? Nauliza tu. Kama unaifahamu familia hii, tutumie ujumbe."

Simu ya Verediane ilikuwa mezani. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba akiosha karoti. Gatesi aliweka ufagio chini. Aliichukua simu. Alifungua ujumbe wa sauti kwa namba ya redio, akanong'ona:

"Mimi nasoma naye, tunakaa dawati moja. Ana daftari la siri. Anaandika Kiarabu na kuchora vitu, na mtu akitaka kuona anafunika kwa mkono."

Yalikuwa maneno ya kweli yaliyopangwa yawe uongo. Kiarabu kile kilikuwa ni mazoezi ya Kurani, ambayo Gatesi aliyaona kila wiki. Na Rayhana alifunika picha zake kwa sababu hakupenda mtu azione kabla hazijaisha. Gatesi alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Baada ya dakika chache Muhire alisema kwa furaha, "Haya, mnasikia? Mwanafunzi mwenzake, tena wa dawati moja, anatuambia kuna daftari la siri!" Hakuipiga sauti yenyewe, aliyasoma maneno yake, tena mara mbili.

Jumatatu, wazazi wawili walikuja shuleni kutaka watoto wao wakae mbali na Rayhana. Wakati wa mapumziko, wavulana wa darasa la tano walimkimbia wakipiga kelele, "Bomu! Bomu!" Katikati ya wiki, mama mmoja alikwenda dukani kwa Mzee Mudathiru akachukua vitambaa vyake ambavyo havijashonwa. Wengine wakafuata. Ilipofika Alhamisi, cherehani ya fundi yule ilikuwa kimya, naye alikaa mlangoni akipanga na kupangua nyuzi.

Siku hiyohiyo Mwalimu Hakizimana alimwita Gatesi. "Tumeombwa picha moja ya kutundika kwenye ofisi ya wilaya," alisema. "Rayhana amekataa kutoa yake. Anasema hachori tena. Tutatoa ya kwako."

Hicho ndicho Gatesi alichokitaka tangu mwanzo. Alirudi kwenye dawati akingoja kusikia furaha, lakini haikuja. Kando yake Rayhana alikuwa ameketi mikono imelala mezani. Kisha akageuka, akanong'ona:

"Gatesi, ni wewe?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Ule ujumbe waliousoma redioni. Mtu wa dawati moja na mimi ni mmoja tu."

"Si mimi!" Gatesi alisema, kwa sauti kubwa mno hata mwalimu akainua kichwa. "Kwani mimi nina simu?"

Rayhana alisimama. Alikusanya vitabu vyake, akaenda kukaa na Cyiza nyuma ya darasa. Gatesi akabaki peke yake kwenye dawati la watu wawili.

Jioni ile Verediane alirudi kutoka Goma na uso uliobadilika. Hata beseni hakulitua vizuri, likaanguka kwa kishindo. Alitoa simu mfukoni.

"Redio wameniandikia," alisema. "Wanasema asante kwa ujumbe, tuletee zaidi. Nikashangaa, ujumbe gani? Nikaufungua pale kwenye foleni, wenzangu wote wanasikia." Akabonyeza. Sauti ya Gatesi ikajaa chumbani: *Mimi nasoma naye, tunakaa dawati moja…*

Gatesi alitamani ardhi imfunike.

"Hii sauti ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Na hiyo daftari, iko na nini ndani?"

"Picha. Na masomo yake ya Kurani." Machozi yalianza kumtoka. "Mama, yeye alishinda! Kwa rangi yangu! Kila mtu Rayhana, Rayhana. Nilitaka wamwache kidogo tu. Sikujua watachukua vitambaa vyao."

Verediane alikaa kwenye kiti. Kwa muda alijisugua shingo, mahali beseni lilipomchosha. Gatesi alingoja fimbo. Haikuja.

"Bon," mama yake alisema mwisho. "Kesho ukitoka shule usivue viatu. Tunaenda redio."

Muhire aliwapokea mlangoni mwa studio akitabasamu, lakini tabasamu lilipungua aliposikia walichofuata.

"Mama, habari ile imeshapita," alisema. "Watu wamesahau."

"Wateja ya Mudathiru hawajasahau."

"Lakini mimi sikusema ni mtu mubaya. Niliuliza tu."

"Uliuliza nani?" Verediane alisema. "Duka ya Mudathiru iko hapo chini, hata dakika kumi kwa miguu haifiki. Ulienda kumuuliza yeye? Ulimuuliza mwalimu? Ulikuwa na swali, ukaipeleka kwa mutoto mwenye wivu, ukakubali jibu yake mbio mbio kwa sababu ndiyo ulikuwa unaitaka."

Mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka mwanamke aliyevaa miwani. Alikuwa Nishimwe, mkuu wa redio ile. Alikuwa amesikia yote. Alimwomba Verediane simu, akausikiliza ujumbe, kisha akamtazama Muhire mpaka mtangazaji huyo akainamisha kichwa.

"Binti," alimwambia Gatesi, "uko tayari kusema ukweli, watu wote wakisikia?"

Gatesi hakuwa tayari hata kidogo. Alifikiria darasa zima likimsikia, na Mwalimu Hakizimana, na wanawake wa foleni. Kisha akamfikiria Rayhana akikusanya vitabu vyake. Akasema, "Ndiyo, shangazi."

Alisogea mbele ya kipaza sauti. "Jina langu ni Gatesi," alianza. "Mimi ndiye niliyetuma ujumbe kuhusu daftari. Halina siri. Lina picha za watu na za ziwa, na masomo ya dini yake, kama mimi ninavyoandika masomo ya katekisimu. Nilisema vile kwa sababu alinishinda kuchora nikaona wivu. Mzee Mudathiru na Rayhana hawakufanya kosa lolote. Kosa ni langu."

Nishimwe akamsukumia Muhire kipaza sauti. Mtangazaji akakohoa. Sauti yake haikuwa tamu siku hiyo. "Na mimi nilikosea," alisema. "Nilizungumza juu ya familia ya mji huu bila kwenda kuwasikiliza. Tena nikawaingiza Waislamu wote. Naomba radhi."

Kutoka hapo, mama na binti walikwenda moja kwa moja kwenye duka la fundi. Redio ilikuwa wazi pale dukani. Mzee Mudathiru na Rayhana walikuwa wamesikia kila neno.

"Shikamoo, Mzee," Gatesi alisema, macho chini. "Nimekuja kuomba msamaha. Na wewe, Rayhana."

Rayhana alikuwa anachezea tepu ya kupimia, akiikunja na kuikunjua. "Ulinidanganya usoni," alisema. "Hilo ndilo linaniuma zaidi. Nitakusamehe, lakini si leo. Kwa sasa nitakaa na Cyiza."

"Sawa," Gatesi alisema, na hakujitetea.

Mzee Mudathiru alivuta kigoda, akamkalisha Gatesi mbele yake.

"Yule abiria wa kule ugenini hakunijua, mwanangu," alisema taratibu. "Aliona ndevu na ushungi, hofu ikamjazia mengine. Alikosea, lakini naweza kumwelewa. Huyu wa redio naye hakunijua, wala hakujisumbua kunijua. Lakini wewe ulinijua. Umekula kwenye sahani yangu. Unajua ninavyocheka, unajua ninavyomuomba Mungu. Watu walikuamini wewe kuliko wao wote, kwa sababu ulikuwa mtu wa nyumbani kwetu."

Gatesi alilia, wala hakuficha uso.

"Sikiliza," fundi aliendelea. "Kumuonea mwenzako wivu kutakupata tena, maana wewe ni binadamu. Siku hiyo njoo umwambie, 'Rayhana, nimeumia kwa kuwa umenishinda.' Mtagombana, mtamaliza. Usiuchukue wivu wako ukawapa watu wanaotafuta sababu ya kutuchukia. Wao watautumia, na hutaweza kuurudisha wote. Leo umerudisha sehemu kubwa, na umehitaji ujasiri. Ninakushukuru kwa hilo."

Jumatatu yule mama wa kwanza alirudisha vitambaa vyake, akidai eti alikuwa amebadili mshono tu. Mzee Mudathiru alimpima bila kumuuliza kitu. Shuleni, Gatesi alimwomba mwalimu asiipeleke picha yake wilayani mpaka Rayhana aulizwe tena. Rayhana alipoulizwa, alifikiri siku mbili nzima, kisha akaleta picha yake ya wanawake wenye mabeseni. Ilichukua wiki tatu kabla hajarudi kwenye dawati la zamani, na siku hiyo alisukuma tu mkoba wa Gatesi kando ili apate nafasi ya kukaa.