Visigino vya Kioko

Haya nimeyapata kwa rafiki yangu Jumaa, fundi viatu wa Mikindani, na wallahi Jumaa si mtu wa porojo. Zamani alikuwa kuli bandarini.

Mwaka wa tisini na tatu, asubuhi ya mvua, alisikia buti zikizama topeni nje ya kibanda chake, polepole, kwa uzito. Alikuwa Kioko, askari kijana wa kulinda amani aliyerudi kutoka vita vya Yugoslavia na nishani ya ushujaa. Huko alimbeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa, mwendo wa saa mbili, risasi zikilia. Alipomtua, mwenzake alikuwa amekwisha kufa.

"Fundi, visigino tena." Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule.

"Mwanangu, visigino huliwa hivi kwa magunia. Mimi nayajua. Wewe wabeba nini siku hizi?"

"Sibebi kitu, mzee."

Jumaa akapigilia visigino vipya, akampa. Kioko akavaa, akainama mbele kama kuli anayepandishiwa gunia, akanong'ona:

"Shika vizuri."

"Nishike nini?" akauliza Jumaa.

"Si wewe, mzee."