Miaka Sita Iliyofutwa

Siku ya maonyesho ya ajira, jumba la maduka la mji wa Iloilo hujaa watu mpaka pa kuweka mguu hakuna. Kila mtu ana bahasha ya kaki kifuani, kila mtu kapiga pasi shati, na kila mtu, ukimkagua vizuri, kuna karatasi aliyosahau. Ndiyo maana Jovelyn alikuwa pale na meza yake, kompyuta moja na printa mbili, na foleni imezunguka nguzo. Binti wa miaka ishirini na sita, blauzi ya njano, nywele kazibana kwa penseli, na mdomo haujui kupumzika.

"Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa kijana mrefu, fulana nyeupe iliyofuliwa mpaka ikalainika, ananukia kitunguu saumu cha kukaanga. Jovelyn hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Harufu ile ilimvuruga akili.

"Wewe umetoka jikoni?"

"Soko la La Paz. Napika supu ya batchoy kibandani kwa Manang Consing. Inaonekana?"

"Inanukia. Haya, lete fomu." Akaitazama, akashika kiuno. "Umejaza kwa penseli? Kaka, fomu ya penseli mwajiri anaitupa! Wino mweusi, na hakuna kuacha mstari wazi. Ndiyo sheria ya meza hii."

"Mbona wewe penseli unayo kichwani?"

"Hii ni ya nywele."

Foleni nzima ikacheka. Jovelyn akamsimamisha kwenye ukuta mweupe, akampiga picha, kisha kwa kompyuta akamvika koti jeusi na tai, kama wapiga picha wote wa mji ule wanavyofanya.

"Hee! Koti la nani hili?"

"La kila mtu. Leo limeshavaliwa na watu arobaini."

"Limenikaa?"

"Usijione," alisema Jovelyn, lakini masikio yalimwaka moto. Jina alilisoma kwenye fomu mara mbili bila sababu: Rodel Sumagaysay.

Kazi siku ile Rodel hakupata. Kesho yake saa sita akatokea kwenye duka la Jovelyn la kupiga picha na kuchapa karatasi, na bakuli la batchoy lililofunikwa, tambi zake, maini yake, mchuzi unatoa moshi. Keshokutwa akaja tena. Wiki ya tatu wateja wakaanza kumwita "bwana chakula", na simu ya Jovelyn ikawa haipoi, naye akawa anaitwa langga, yaani mpenzi.

"Umekula, langga?"

"Nitakulaje na wewe hujaleta?"

"Naja. Usile cha mtu mwingine."

Alikuwa na furaha, jamani. Hata printa ikikwama alicheka.

Mwezi wa tatu hoteli mpya kando ya mto ikatangaza nafasi ya mpishi. Rodel akaja mbio, jasho linamtoka.

"Niandikie wasifu, langga. Wa kweli kweli. Nikipata hii, nawachukua wazee wangu, tunakuja kwa baba yako kukuposa. Siwezi kuja mikono mitupu, unamjua mzee wako."

Jovelyn alimjua. Basi akaketi na karatasi za Rodel, akaogopa. Miaka sita kwenye kibanda cha sokoni! Nani atasoma hayo hotelini? Akaifuta, mahali pake akaandika "Ofisa wa huduma za chakula, kampuni binafsi." Kwenye wadhamini akakuta jina moja tu, Manang Consing, bibi ambaye simu huishika kichwa chini. Akamfuta naye. Kwetu mdhamini ni mtu mkubwa, na mkubwa zaidi ndiyo bora, hata kama hakujui. Akamweka padre, akamweka mwenyekiti wa mtaa, akamweka na Wakili Ledesma, baba wa ubatizo wa Jovelyn mwenyewe. Picha akaacha ile ya koti. Alifanya kwa mapenzi, hilo tusimnyime. Karatasi akaitia kwenye bahasha na kuifunga, na Rodel, kwa kumwamini, hakuifungua.

Kwenye usaili mpishi mkuu, Bi Araceli, aliitazama karatasi, kisha akaitazama mikono ya Rodel, yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko.

"Ofisa? Ofisa gani huyu anaungua hivi?"

Akapiga simu kwa wakili palepale. Wakili akajibu bila kusita: "Rodel? Rodel gani? Simjui."

Jioni Rodel akaja dukani amelowa mvua. Bahasha akaiweka mezani taratibu. Angepiga kelele Jovelyn angejua pa kujitetea.

"Umenifuta," alisema.

"Nilitaka upate kazi!"

"Hiyo miaka sita ndiyo kitu pekee nilicho nacho. Nilisimama mbele ya yule mama sina la kusema, kwa sababu kila nililotaka kusema halikuwemo. Koti nililicheka, Jovelyn. Sikujua kwamba unanionea aibu."

"Sikuonei aibu, Rodel..."

"Basi umemfuta nani, kama si mimi?"

Akatoka. Siku tisa simu haikupokelewa. Saa sita mchana zikawa zinapita bila bakuli, na wateja, kwa mara ya kwanza, wakawa hawatanii.

Siku ya kumi Jovelyn akafunga duka asubuhi, akaenda La Paz. Akakaa kwenye benchi la kibanda, daftari mapajani. Rodel alimwona. Akamwekea bakuli mbele kama mteja yeyote, akarudi kwenye sufuria.

Jovelyn hakumwita. Aliangalia. Aliona anavyopika sufuria tatu kwa pamoja bila kutazama saa. Aliona wateja hawaagizi, wanakaa tu, na kila mmoja analetewa anachokula siku zote. Moyo ukamuuma kweli. Haya yote yalikuwapo na yeye kayafuta kwa kidole kimoja!

"Manang," alimuuliza bibi kwa sauti ya chini, "kwa siku anapika bakuli ngapi?"

"Mia tatu. Jumapili usiniulize." Manang Consing alimkazia macho. "Wewe ndiye wa makaratasi?"

"Ndiye mimi, Manang."

"Andika basi. Kila alfajiri saa kumi yuko hapa, mifupa imeshachemka. Mwaka wa mafuriko alibeba sufuria hii kichwani mpaka kanisani, akalisha watu siku nne. Andika na hili: hajawahi kuniharibia mchuzi. Mara moja tu, juzi, alizidisha chumvi. Na sababu naiona imekaa hapa."

Jovelyn akaandika huku machozi yanadondokea daftarini na bakulini. Akarudi dukani, akachapa ukurasa mmoja tu. Picha akaitafuta ile ya mwanzo, kabla ya koti: fulana nyeupe, kucheka kidogo. Mdhamini mmoja, Manang Consing kwa jina lake kamili: Consolacion Jalandoni, mwenye kibanda, La Paz.

Akaenda nao hotelini, mlango wa jikoni.

"Uongo ule ulikuwa wangu, si wake," alimwambia Bi Araceli. "Hakuusoma. Ukweli ni huu."

Bi Araceli akasoma amesimama, mwiko mkononi. Akapiga namba ya mdhamini, akaweka sauti nje.

"NANI?" simu ikabweka. "Hoteli? Rodel hatoki! Nani atanipikia mimi?" Sufuria zikasikika zikigongana. Kisha sauti ikashuka. "Mchukue. Kijana anataka kuoa. Lakini nikisikia mnamwekea viazi tu amenye, nakuja hapo na mwiko wangu!"

Bi Araceli akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni, akamjibu bibi: "Mwambie aje kesho saa moja. Aje na mikono yake."

Rodel alienda, akapika, akachukuliwa. Siku ya tatu, saa sita kamili, akatokea dukani kwa Jovelyn na bakuli lililofunikwa, fomu ya hoteli kwapani.

"Manang kaniambia yote," alisema. "Na kwamba ulilia kwenye batchoy yake."

"Ilikuwa na chumvi ya kutosha. Nisamehe, Rodel."

"Nilishakusamehe siku ya pili. Zilizobaki nilikuwa naringa."

"Mshenzi wewe!" Akampiga na daftari, akicheka na kulia pamoja. "Kaa hapo. Leta fomu nikujazie, usije ukaniaibisha na penseli zako."

Akajaza kwa wino mweusi: jina, urefu, dini, jina la mama. Kazi ya awali: mpishi wa batchoy, soko la La Paz, miaka sita. Hilo aliliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Kisha akafika mstari mwingine.

"Hali ya ndoa. Hajaoa," alisoma, kalamu ikishuka.

Rodel akaushika mkono wake. "Hapo usitie wino. Wazee wangu wanakuja Jumapili."

Wateja wawili walioshika bahasha zao wakasogea mezani.

"Mstari hauachwi wazi," Jovelyn alisema. "Ndiyo sheria ya meza hii."

"Najua."

Jovelyn akaweka kalamu chini. Akapeleka mkono kisogoni, akaichomoa penseli, nywele zote zikamwangukia mabegani, akaandika kwa penseli: Hajaoa.