Ng'ombe wa Joyline na Ua wa Kaliandra

Kila asubuhi, kule Uriri, Joyline alipokuwa akikamua ng'ombe wake, mumewe Levis alikuja kusimama nyuma yake.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Maziwa hayakufika nusu ya kopo.

"Mama Cate, labda unakamua vibaya."

Joyline aliendelea kukamua kwa hasira. Jana Levis alilaumu mvua. Juzi alilaumu jicho la jirani. Ng'ombe alikuwa na tumbo kubwa, maana Levis alimpa saileji tele, yale mahindi mabichi waliyoyakatakata na kuyafukia shimoni.

"Anakula kunishinda na hatoi kitu," Levis alisema. "Mwisho wa mwezi Okemwa wa bucha atamchukua."

"Ng'ombe huyu nilipewa na chama changu cha akina mama!"

"Basi mwambie atoe maziwa."

Joyline akampigia simu Mellen, daktari wa mifugo. Mellen alikuja, akampima ng'ombe, akaangalia hori.

"Si mgonjwa. Anakula nini kingine?"

"Saileji tu," Levis alijibu kwa fahari. "Ya mahindi safi."

"Levis, unaweza kula ugali mkavu mwezi mzima?"

"Aa! Bila hata omena?"

"Saileji ya mahindi ndiyo ugali wake. Inampa nguvu, inamshibisha, lakini protini ni kidogo. Bila protini ya kutosha, maziwa hupungua. Na hii miti ya kaliandra mliyoizungushia boma kama ua, nani anaila?"

"Mbuzi. Daktari, huyu ni ng'ombe wa gredi, si wa kienyeji. Hali miti!"

"Nani alikuambia? Ng'ombe mwenyewe?"

Joyline alicheka, akafunika mdomo.

Mellen akaeleza. Majani ya kaliandra yana protini nyingi; wayakate mabichi, wayachanganye na saileji. Waanze na kidogo, waongeze polepole. Maji yawe mengi. Majani yakipungua, wanunue mashudu ya alizeti au ya pamba.

Levis alikata huku akinung'unika. Wiki ya kwanza maziwa yaliongezeka kidogo sana.

"Umeona?" alisema, akalitupa panga.

Joyline akaliokota, akakata mwenyewe kila siku. Wiki zilizofuata kopo lilijaa, akatafuta la pili.

Mwisho wa mwezi Okemwa alifika na kamba.

"Levis, si uliniita?"

Levis alimgeukia Joyline. Joyline hakuzoea kuongea mbele ya wageni, lakini alikuwa amechoshwa na lawama za Levis.

"Aliyekuita ni yeye," alisema. "Ng'ombe ni wangu. Kunywa chai ya maziwa, shemeji, halafu urudi kwako na kamba yako."